Kabla ya daftari kubwa, tuambiane kwanza "imepita" maana yake nini

Mhariri,

Makala yenu ya majuzi iliyoitaka serikali itujengee daftari moja kubwa la huduma zote za biashara mtandaoni niliisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili mpwa wangu naye asikie. Mwandishi anaamini tunachokosa sisi wafanyabiashara wadogo ni kujuana tu. Maabara ipo, lori lipo, bima ipo, wakala wa forodha yupo, ila mfumo wa huyu hauujui mfumo wa yule. Waandikwe wote mahali pamoja, anasema, halafu kompyuta zitatafutana zenyewe, zitachaguana na kushirikiana. Mimi nanunua mahindi Kiryandongo na Masindi, magharibi mwa Uganda, nayauza Eldoret, Kenya, kupitia mpaka wa Malaba, na huko kutafutana kwa kompyuta nimeshakulipia kwa pesa zangu. Naomba nafasi niseme.

Nilianza biashara hii mwaka 1998 nikiwa na kaunta buku na dalali mmoja wa Busia, sasa ni marehemu. Yule mzee ndiye aliyekuwa mtandao wetu. Ukitaka lori, anajua nani anarudi tupu kesho. Ukitaka ghala, anajua lipi halivuji. Chake hakusahau kukidai, lakini hakuwahi kukuletea mtu ambaye asingesimama kumjibia. Gunia likipungua, humtafuti mwenye lori, unakwenda kumgongea mzee mlango.

Mambo yakabadilika Machi 2021, Kenya ilipoyazuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, ile aflatoksini, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti: mwenye mzigo asajiliwe, na kila mzigo uwe na cheti kinachoonyesha sumu iko chini ya mikrogramu 10 kwa kilo. Tangu hapo mzigo mmoja unapita mikononi mwa watu watano kabla haujavuka daraja: maabara, mwenye lori, bima, wakala wa forodha, na kampuni ya simu inayobeba malipo. Kila mmoja siku hizi ana mfumo wake, na kila mfumo una mlango ambao programu nyingine inaweza kuubisha ikauliza au ikaagiza. Vijana wanauita API. Mpwa wangu, aliyesomea kazi hiyo Kampala, akaniambia, "Shangazi, nitakuunganishia wote, wewe utabonyeza kitufe kimoja." Akafanya hivyo kweli. Kitufe kiliandikwa "Safirisha". Kwa miezi mitano nilijiona waziri.

Maabara hakuichagua kwa kuuliza watu. Aliikuta kwenye orodha mtandaoni, ya kwanza juu kwa sababu ina bei ndogo na inajibu haraka. Tena mfumo wake ulikuwa unajibu kwa Kiswahili, jambo ambalo mimi mzaliwa wa Bombo lilinifurahisha kuliko bei.

Ijumaa moja saa kumi jioni majibu ya gunia 280 yakarudi. Kwenye nafasi ya unyevu paliandikwa 13.1, vizuri, maana kiwango cha Afrika Mashariki kinaishia asilimia 13.5. Kwenye nafasi ya sumukuvu palikuwa na neno moja tu: "imepita". Programu ya mpwa wangu ilikuwa imefundishwa kwamba "imepita" ni kufaulu, kama mtoto aliyepita mtihani. Ikaagiza lori, ikalipa kianzio, ikanunua bima, ikampelekea wakala karatasi zake, yote kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kupanguza miwani. Maabara ilikuwa na maana kwamba sumu imepita kiwango.

Yeyote aliyefunzwa ngeli atuhurumie. Mpwa wangu alisoma "sampuli imepita". Karani wa maabara aliandika "sumu imepita". Sampuli na sumu zote ni ngeli moja, kiambishi kimoja, na kompyuta haina mwalimu wa kuiuliza. Laiti wangeandika "yamepita" tungejua yanayosemwa ni mahindi. Tarakimu yenyewe, 17, ilikuwepo kwenye cheti kilichoambatanishwa, lakini cheti kilikuwa picha na programu haisomi picha. Mimi ninayesoma picha nilikuwa harusini Tororo.

Lori lenyewe lilikuwa na kituko chake. Mpwa wangu aliagiza lifike ghalani saa 2, kama sisi wote tunavyosema, yaani asubuhi watu wakishakunywa chai. Mfumo wa wenye malori ukaisoma saa ya kizungu. Saa nane za usiku dereva na utingo wake wakapiga honi getini, mlinzi akadhani ni majambazi, akapiga filimbi mpaka kijiji kizima kikaamka. Hilo tulilicheka. La sumu hatukulicheka.

Pale Malaba ukaguzi wa Uganda na wa Kenya unafanyika mahali pamoja. Afisa mmoja alifungua cheti akakisoma kwa macho yake, akaona 17, akaniita. Sikuwa na la kujitetea; alikuwa sahihi. Usiku huo huo, kama saa nne, mtu nisiyemjua akanipigia kuniambia kwamba yeye anao wateja wa kuku, na zipo njia za panya, na kwamba "hiyo sumu mama, kuku hawasomi vyeti". Nilikata simu.

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo makala yenu haikuligusa kabisa. Kitufe cha "Safirisha" kilikuwepo. Cha "Rudisha" hakikuwepo. Bima haikukubali kufutwa kwa sababu karatasi za forodha zilionyesha mzigo ungali safarini. Wakala hakuweza kufuta karatasi mpaka apate barua ya mwenye mzigo. Mwenye lori alitaka nauli ya kurudi kabla injini haijawashwa. Mpwa wangu akalipa nauli hiyo kwa programu, shilingi 1,400,000. Jibu halikuja. Akangoja nusu dakika, akalipa tena. Baadaye ikaonekana malipo ya kwanza yalikuwa yamefika, lililopotea njiani ni jibu. Tumelipa mara mbili kurudisha mahindi ambayo hatukupaswa kuyapeleka.

Nilimkasirikia sana, lakini kijana ana adabu ya kazi: alikwenda kusoma. Aliporudi alinieleza kwamba shida hii ni ya zamani kuliko yeye. Mwaka 1987 wataalamu wawili wa kompyuta, Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem, waliandika kuhusu kazi ndefu zenye hatua nyingi ambazo haziwezi kufungwa zote kwa kufuli moja. Walipendekeza kila hatua iandaliwe mwenzake wa kuitengua, na jambo likiharibika katikati, hatua zitenguliwe kuanzia ya mwisho kurudi nyuma. Ndivyo hasa ilivyokuwa kwetu: forodha kwanza, ndipo bima, ndipo lori. Tulihangaika siku tatu kuigundua foleni hiyo ambayo ingeweza kuandikwa tangu mwanzo. Kutengua nako si kufuta. Lori lililokwisha kutembea kutoka Kiryandongo mpaka mpakani haliwezi kuwa halikutembea; linachoweza ni kurudi, na dizeli ina bei. Kwa hiyo hatua ya kutengua nayo ni huduma, ina gharama na ina mwisho wa muda wake, na mtu anatakiwa aijue kabla hajabonyeza. Hata lugha ya kompyuta iitwayo BPEL, iliyotungwa kwa ajili ya kupangilia huduma za namna hii na ambayo shirika la OASIS liliipitisha kuwa kiwango mwaka 2007, ina sehemu yake maalumu ya kutengua. Sisi tuliikopa nusu ya elimu, ile ya kwenda.

Na lile la kulipa mara mbili dawa yake ni nyepesi mno mpaka inauma. Kila agizo lipewe namba yake ya kumbukumbu na anayeagiza. Likija mara ya pili na namba ile ile, anayepokea aseme "hili ninalo", asilihesabu jipya. Muuza duka yeyote anafanya hivyo mtoto akitumwa mara mbili kwa karatasi moja.

Sasa nirudi kwenye daftari kubwa. Mwandishi wenu analizungumza kana kwamba halijawahi kujaribiwa. Lilijaribiwa, tena na matajiri. Mwaka 2000 kampuni za IBM, Microsoft na Ariba zilitangaza mpango ulioitwa UDDI, daftari la dunia nzima la huduma za mtandao, lenye kurasa nyeupe za majina na anwani, kurasa za njano za aina ya biashara, na kurasa za kijani za maelezo ya kiufundi, ili programu ya kampuni moja imtafute mshirika, imkute na ianze kufanya naye kazi. Daftari la wazi kwa umma lilifungwa Januari 2006. Wenyewe walisema jaribio limetimiza lengo lake. Mimi, kwa uzoefu wa Busia, naona walikosa yule mzee wangu: daftari lilikuambia nani yupo, halikukuambia nani atajibu. Na hata maelezo ya kiufundi, yale ya WSDL yaliyotumika wakati huo, yanataja jina la nafasi na kama ndani yake kuna neno au tarakimu. Hayakuambii neno lina maana gani. "Imepita" ingepita humo bila kuulizwa.

Kuchagua nako kuna siri ambazo orodha haionyeshi. Oktoba 2020, wengi tunakumbuka, kutuma pesa kati ya benki na simu kulisimama kwa siku kadhaa hapa Uganda baada ya hitilafu kwenye kampuni ya kati. Nilikuwa na laini za kampuni mbili za simu nikijiona mjanja, moja ikizimika nitatumia nyingine. Kumbe njia zote mbili za kufika benki zilikuwa zinapitia mlango mmoja nyuma ya nyumba. Nani angeniambia? Kwenye daftari zingeandikwa mistari miwili tofauti, kila mmoja na nyota zake.

Ndiyo maana kaunta buku yangu imerudi mezani. Mpwa wangu anaiingiza kwenye programu kila Jumamosi: nani alijibu, baada ya muda gani, nani alisema ndiyo halafu akageuka, nani alipokea simu Jumapili. Ile maabara yangu ya zamani, ghali kidogo na ya polepole, ina karani mama mmoja ambaye tarakimu ikimtia shaka ananipigia yeye mwenyewe. Hakuna orodha yenye safu ya jambo hilo. Kwenye buku langu ipo, nami ndiyo ninayoitazama kwanza.

Sisemi serikali ikae bure. NITA-U, mamlaka yetu ya teknolojia ya habari, ina jukwaa lake la UGhub ili mifumo ya taasisi za umma isomane, na URA, mamlaka ya mapato, ilipoanza kulazimisha risiti za kielektroniki za EFRIS mwaka 2021 iliruhusu wenye programu zao waunganishe mfumo kwa mfumo. Kelele za wafanyabiashara wa Kampala kuhusu EFRIS nazijua, na zingine ni zangu pia, lakini hilo la kuunganisha lilikuwa jema. Ninachoomba ni kwamba kabla hata shilingi haijatumika kwa daftari, watu wa mpakani wakae pamoja, wa Uganda na wa Kenya, mawakala, maabara, wenye malori na wenye bima, wakubaliane maneno. Saa iandikwe kwa tarakimu 4 na isemwe ni ya nani. Tani iwe tani ya kilo 1,000 na si "lori moja". Matokeo ya maabara yaje na tarakimu, kizio na kiwango kilicholinganishwa, neno lifuate nyuma. Na yeyote anayepokea agizo kwa mfumo apokee pia agizo la kulitengua, aseme mpaka lini na kwa gharama gani. Tangu Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha Julai 2022 Kiswahili kiwe cha lazima shuleni, mifumo inayojibu kwa lugha hii itaongezeka, nami nitafurahi. Lakini Kiswahili cha kwenye mfumo kiandikwe na mtu anayejua kwamba neno "imepita" lina milango miwili.

Maabara ile ya "imepita" niliiandikia barua, nikapeleka mwenyewe kwa boda. Hawakuniomba radhi, ila mwezi uliofuata mfumo wao ulianza kujibu "inakubalika" au "imekataliwa", na chini yake tarakimu. Kitufe cha "Rudisha" kimekaa karibu na cha "Safirisha", rangi nyekundu, na mpaka leo kimetumika mara moja, lori lilipoharibika kabla ya kupakia. Nauli ile ya pili bado naidai.

Wako,
Mnunuzi wa mahindi,
Malaba, Uganda