Njia ya shule ipimwe kwa miguu ya mtoto wa awali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo huibuka kila Januari shule zinapofunguliwa, na ikifika Machi limeshasahaulika: mtoto mdogo atembee umbali gani kwenda shule? Nimefundisha darasa la kwanza kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi katika Wilaya ya Uvinza, mkoani Kigoma, na jibu langu ni nusu saa. Mtoto wa awali, wa darasa la kwanza na wa darasa la pili asitembee zaidi ya nusu saa kwa mwendo wake mwenyewe, yaani kilomita moja na nusu hivi. Njia ikizidi hapo, kinachopaswa kusogezwa ni darasa.

Wapangaji wa elimu wengi hutaja kilomita 3 kama kikomo. Kwa kijana wa darasa la sita sina ugomvi nacho. Lakini hebu tufuatane na mtoto wa miaka mitano mwenye kandambili, begi mgongoni na kidumu cha maji mkononi. Kwa saa moja atakwenda kilomita 3, na hapo hajasimama kutoa mwiba. Kwenda na kurudi ni saa mbili za kutembea kila siku, tena wengi wao wametoka nyumbani bila kunywa hata uji. Na hizo kilomita 3 mara nyingi zimepimwa kwenye ramani, kwa mstari ulionyooka kutoka shuleni hadi kitongojini, au zimesomwa kwenye pikipiki ya ofisi iliyopita barabarani wakati wa kiangazi. Mtoto hapiti kwenye mstari wa ramani. Anazunguka bonde, anatafuta pa kuvukia kijito, anakwepa ng'ombe.

Kuna jambo la huku magharibi ambalo walioko Dodoma na Dar es Salaam huenda hawalioni, nalo ni giza. Nchi nzima tunatumia majira mamoja, lakini jua halituchomozei kwa pamoja. Mwezi wa Julai, Dar es Salaam jua hutoka saa 12 na nusu na dakika chache. Kigoma siku hiyohiyo hutoka baada ya saa 1:00 asubuhi. Namba inagawiwa shuleni saa 1:00, na ole wake aliyechelewa. Mtoto anayekaa kilomita 3 lazima awe njiani saa 12:00 kamili, na anayekaa kilomita 5 aondoke saa 11 na dakika 20. Huyo anatembea karibu safari nzima gizani, katika pori la miombo, akiwa na umri ambao mama yake hamtumi dukani baada ya magharibi. Nimewapokea watoto hawa mlangoni kwa miaka mingi. Saa ya kwanza hawasikii unachofundisha. Wanasinzia, na miguu yao imelowa umande.

Njia za mkoa wetu ndipo zinapokuwa mbaya zaidi wakati mtoto anapoanza shule. Mvua zetu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Mwaka wa masomo unafunguliwa Januari. Kwa hiyo mgeni kabisa wa shule, mwenye miguu mifupi kuliko wote, anaanza safari zake wakati vijito vinavyoingia Malagarasi vimejaa, nyasi zimempita kimo na daraja la miti limeshachukuliwa na maji. Mzazi mwenye akili timamu anafanya nini? Anamzuia nyumbani mpaka maji yapungue. Sisi walimu tunaandika kwenye mahudhurio kwamba ni mtoro.

Tunauita utoro wa rejareja: leo yupo, kesho hayupo, keshokutwa amekuja, Ijumaa hayupo. Kwa mtoto wa darasa la tano hasara hiyo inaweza kufidiwa. Kwa anayejifunza KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ni msiba, kwa sababu kusoma hujengwa hatua kwa hatua. Aliyekosa wiki ya silabi za "ma, me, mi" atakuta wenzake wanasoma maneno. Ataitikia pamoja nao kwa sauti kubwa bila kutambua hata herufi moja, na utamgundua akiwa darasa la tatu. Nikitazama nyuma, wengi wa watoto niliowaona wakifika madarasa ya juu bila kujua kusoma walitoka vitongoji vya mbali. Hawakuwa wazito wa akili.

Watu hushauri watoto wadogo waongozane na wakubwa. Asubuhi wanaongozana, na ni jambo jema, linapunguza hofu. Shida ni kurudi. Mtoto wa awali na wa darasa la kwanza anatoka mapema, saa kadhaa kabla ya kaka yake wa darasa la sita. Ama atarudi peke yake jua likiwa kali, ama atakaa chini ya mwembe na njaa yake mpaka mchana umalizike. Shule yenye chakula ina nafuu kidogo, lakini chakula chenyewe hutegemea michango, na msimu wa njaa michango hukauka. Wenye uwezo hulipia bodaboda, na kila mtu ameona bodaboda inavyopakia mishikaki ya watoto wanne au watano. Huo nao si usafiri wa mtoto.

Najua kuna watakaosema, "Mbona sisi tulitembea kilomita kumi na tumekuwa watu?" Nimelisikia neno hilo katika kila mkutano wa kijiji, na linasemwa kwa fahari. Nawaheshimu waliotembea hivyo. Ila wanaosimama kusema hivyo ni wale waliofika. Waliochoka wakaacha wakiwa darasa la pili hawasimami mkutanoni kutoa ushuhuda, na walikuwa wengi. Tena tukumbuke, enzi hizo darasa la kwanza halikuwa la watoto wa miaka sita. Vijijini mtoto aliandikishwa akiwa na miaka saba, minane, hata tisa au kumi. Leo sera inamtaka mtoto aanze darasa la kwanza akiwa na miaka sita, na kabla yake asome awali mwaka mmoja. Mimi naiunga mkono sera hiyo kwa moyo wote, maana nimeona tofauti kati ya mtoto aliyepita awali na ambaye hakupita. Lakini tumeshusha umri na shule tumeiacha palepale. Umbali uliopangiwa mtoto wa miaka minane tumempa wa miaka mitano.

Wenzetu wameliweka jambo hili kwenye sheria. Uingereza, mtoto aliye chini ya miaka minane anayekaa zaidi ya maili mbili kutoka shule iliyo karibu inayomfaa, yaani kilomita 3.2, ana haki ya kusafirishwa bure na mamlaka ya eneo lake. Kuanzia miaka minane ni maili tatu. Sisi hatuna mabasi hayo na sitaki kuwadanganya wasomaji kwamba yatakuja Uvinza kesho. Mfano wa India unatufaa zaidi. Kanuni zao za mwaka 2010 za haki ya elimu zilielekeza kuwe na shule ndani ya kilomita 1 kwa watoto wa darasa la kwanza hadi la tano, na kilomita 3 kwa darasa la sita hadi la nane. Nchi yenye vijiji vingi na maskini wengi imekubali kwamba mtoto mdogo na mtoto mkubwa hawawezi kupewa kipimo kimoja.

Hapa kwetu dawa tunayo na ina jina: shule shikizi. Wananchi wa kitongoji wanafyatua tofali, wanapandisha boma, halmashauri inapaua, na watoto wadogo wanasoma hapo chini ya shule mama mpaka miguu ipate nguvu. Mwaka 2021 Serikali ilipopata mkopo wa kukabiliana na UVIKO-19 ilijenga madarasa 15,000, na 3,000 kati ya hayo yalikuwa ya vituo shikizi. Niliwapongeza wakati ule na nawapongeza leo, ulikuwa uamuzi wa watu wanaojua vijiji.

Kasoro ni kwamba shikizi tunaichukulia kama mtoto wa kambo. Inasubiri kusajiliwa, na ili isajiliwe inatakiwa itimize masharti ya shule kamili: madarasa ya kutosha, matundu ya vyoo, nyumba za walimu, ofisi, eneo. Kitongoji chenye kaya mia hakiwezi kuyafikia hayo kwa miaka mingi, na pengine hakiyahitaji. Wakati kinasubiri, mwalimu ni kijana wa kujitolea anayelipwa kwa debe za mahindi, vitabu vinabaki shule mama, na mvua ikiezua bati hakuna bajeti ya kulirudisha. Mwaka wa tatu watoto wanarudishwa shule mama, njia ileile, kijito kilekile.

Ninachopendekeza ni kwamba tukubali kuwe na shule ndogo za kudumu, za awali hadi darasa la pili, na pale inapowezekana hadi la nne. Vyumba viwili au vitatu, choo safi, kisima, walimu wawili walioajiriwa na Serikali, basi. Isidaiwe kukua ili itambuliwe. Wazee wanakumbuka kwamba kabla na muda mfupi baada ya uhuru zilikuwepo shule za darasa la kwanza hadi la nne karibu na makazi, na aliyefaulu ndiye aliyekwenda mbali kuendelea na la tano. Ubaya wa mfumo ule ulikuwa mchujo wa darasa la nne, ambao hatutaki urudi. Ila kumweka mdogo karibu na kwao lilikuwa wazo zuri, tulipaswa kulihifadhi.

Wakati hayo yanajengwa, wakuu wa shule za mikoa ya magharibi waruhusiwe kuwaita wadogo saa 2 na nusu asubuhi. Hilo halihitaji fedha yoyote. Na mtoto wa awali aliyechelewa asichapwe, tafadhali, kwa kosa la kukaa mbali.

Tuweke pia kanuni kwamba kilomita hazihesabiki ikiwa njiani kuna mto usio na daraja au barabara kuu isiyo na mtu wa kuwavusha. Hapo mtoto ahesabiwe kuwa hana shule, hata kama paa lake linaonekana ng'ambo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inambana mzazi ahakikishe mwanawe anaandikishwa na anahudhuria, na tumeona wazazi wakiitwa kwa mtendaji kujieleza. Ni haki basi mzazi naye awe na pa kuuliza: mnaniita mimi, darasa liko wapi?

Nawaomba madiwani wa Kigoma, Katavi na Tabora, vikao vya bajeti vya halmashauri vitakapoanza, waingie na orodha ya vitongoji ambavyo mtoto wa awali anatembea zaidi ya nusu saa. Wasingoje wataalamu wa vipimo. Mwenyekiti wa kitongoji achukue saa, amshike mkono mtoto mmoja wa miaka mitano, waongozane hadi shuleni mwezi wa Februari, aandike dakika alizotumia. Orodha hiyo inaweza kuwa mezani kwa mkurugenzi ndani ya wiki mbili.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Uvinza, Kigoma