Jiko la nje halitaki saruji kwenye moto

Mhariri,

Kiangazi ndicho hiki, na hapa Kigoma majiko ya nje ya kuchomea migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, yanajengwa kila mtaa. Mengi hupasuka mapema, kwa sababu fundi amepiga lipu ya saruji mpaka ndani ya sehemu ya moto. Hapo tumia matofali ya kuchoma, uyaunganishe kwa udongo wa kichuguu na mchanga. Liache likauke wiki mbili, kisha washa moto mdogo siku tatu mfululizo. Ukiharakisha, maji yaliyobaki hugeuka mvuke na kufumua viungo. Wavu ukae sentimita 15 juu ya makaa. Mdomo usielekee ziwani: upepo wa mchana humaliza mkaa na kurushia samaki majivu. Paa liwe la bati, si nyasi, jamani!

Mafundi uashi,
Ujiji, Kigoma