Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Maafisa Wastaafu wa Polisi

Ndugu wanachama,

Kwa heshima nawasilisha taarifa ya mwaka unaomalizika, ambao kamati yenu iliamua kuelekeza nguvu za chama katika ulinzi wa watoto. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Katika mkutano uliopita baadhi yenu mliuliza mtu aliyetumia ujana wake kuwasaka wahalifu ana nafasi gani katika kazi ya walimu na maafisa wa ustawi. Mfano ulionishawishi uko Marekani. John F. Clark aliongoza U.S. Marshals Service, idara ya serikali kuu inayowasaka watoro wa sheria, kuanzia 2006 hadi 2010, na baadaye akakiongoza kituo cha taifa cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, kilichoanzishwa mwaka 1984. Mwaka 2006, alipoanza kuiongoza idara hiyo, ilipitishwa sheria yenye jina la mtoto Adam Walsh, aliyetekwa na kuuawa mwaka 1981, ikiipa idara hiyo jukumu la kuwasaka waliohukumiwa kwa makosa ya ngono wanaokwepa kujiandikisha katika daftari la wahalifu hao. Kwa maoni yangu, kazi ya pili ya Clark ilikwisha kuota mizizi ndani ya ile ya kwanza.

Hapa Uganda kesi nyingi za kunajisi watoto hufia kijijini, pale wazee wa pande mbili wanapokaa, wakakubaliana mbuzi au fedha, na mtoto akaendelea kupishana njiani na aliyemdhuru. Tangu marekebisho ya sheria ya jinai ya mwaka 2007, kumnajisi mtoto wa chini ya miaka 14 ni kosa linalosikilizwa na Mahakama Kuu, na adhabu yake ya juu ni kifo; si jambo la kumalizwa chini ya mwembe. Sheria ya Watoto inamtaka anayejua kuwa haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa baraza la eneo, na makamu mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ndiye katibu wa masuala ya watoto. Tulipowatembelea makamu hao, tulikuta wengine hawajawahi kuelezwa kwamba wadhifa huo ni wao.

Hapo ndipo uzoefu wetu ulipofaa. Tuliwaonyesha namna ya kuandika maelezo siku hiyohiyo, kuhakikisha nguo za mtoto hazifuliwi, kumfikisha kwa daktari akiwa na fomu ya polisi, na kupiga namba 116 ya Sauti, simu ya msaada kwa watoto, ambayo hailipiwi. Nililosisitiza kuliko yote ni kwamba mtoto asihojiwe na watu wengi, kwa kuwa kila anayemrudisha kwenye tukio humwongezea maumivu, na maelezo yanayotofautiana ndiyo wakili wa mshtakiwa huyashika kwanza. Sisi tuliozoea kumbana mtuhumiwa hatuna budi kukaa chini, tukaacha sauti ya amri, na mtoto azungumzishwe kwa lugha ya nyumbani kwao badala ya Kiswahili chetu cha kambini, ambacho wazee wengi bado wanakihusisha na bunduki.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza kwamba kila mwanachama atakayefanya kazi hii, mwenyekiti akiwemo, awasilishe cheti cha tabia njema kutoka ofisi ya Interpol, na asibaki peke yake na mtoto kwa sababu yoyote. Atakayekataa masharti hayo abaki katika shughuli nyingine za chama. Azimio hilo liko mbele yenu kwa kura.

Mwenyekiti