Mdogo wangu wa Lindi, hiyo diski usiichomeke tena

Mdogo wangu, naandika hapa wazi sababu najua sio wewe peke yako, wengi huko Lindi na huku Mtwara yanawakuta hayahaya.

Ulivyonipigia jana ukaweka simu karibu na hiyo hard disk ya kompyuta yenye hadithi za bibi nikasikia ile tik tik tik, roho iliniuma kwa kweli. Mlio ule mara nyingi ni kichwa cha kusomea kimeanza kufeli, humo ndani kuna sahani zinazunguka zaidi ya mara 5,000 kwa dakika na kichwa kinapita juu yake karibu kabisa bila kugusa, kikigusa kinakwangua, na kinachokwanguliwa hapo ni sauti ya marehemu bibi. Kwahiyo kila ukisema "ngoja nijaribu tena" unazidi kuimaliza. Chomoa, weka kabatini. Na huyo fundi simu anayetaka kuifungua na bisibisi mwambie asante, vumbi dogo tu likiingia basi tena, wanaozifungua wana chumba maalumu. Kompyuta ikikuuliza ufomati, yani iandaliwe upya kama tupu, kataa!

Mimi matumaini yangu yapo kwenye memori kadi uliyorekodia zile hadithi za Kimwera. Kama bado ipo kwenye simu itoe sasa hivi, usipige nayo hata picha moja, maana hata kama ulishazifuta, ulichofuta mara nyingi bado kipo mpaka kiandikwe kingine juu yake, na kuna programu ya bure inaitwa PhotoRec inaokoa hata sauti. Mjomba wa Masasi naye alitumiwa vipande wasapu, mwambie asifute chochote.

Tukizipata hazikai tena sehemu moja. Wapigapicha wana utaratibu wao wa 3-2-1, yani nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 ikae mbali, na mbali sio chumba cha pili jamani, mwizi akiingia anabeba vyote. Yako Lindi, yangu Mtwara, nyingine Google Drive, ile hifadhi ya mtandaoni ya Google. Bando lisikutishe, saa nzima ya sauti ya MP3 ya kawaida haifiki MB 60, na zile GB 15 za bure za Google zinabeba zaidi ya saa 200. Ila flashi za TB 2 za bei ya chee achana nazo, nyingi feki, zinaonyesha nafasi ambayo haipo, unahamisha mafaili vizuri tu halafu ukiyafungua hayafunguki.

Bibi mdogo yupo Nyangao na hadithi nyingi anazijua. Jumamosi nakuja, tumfuate tukamrekodi.