Mwangi Huyu Si Mwangi Yule

Pittsburgh, Jumapili

Wanjiru mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, kazi ipo, baridi ipo, hayo yaishe. Karo ya Shiku nimetuma asubuhi. Ukienda kutoa pesa za M-Pesa, usiende kwa yule anayechungulia namba za watu.

Sasa hilo deni. Eti watu wa chama cha akiba na mikopo wanabisha mlango wa Mama hapo mtaani Umoja wakimtaka Mwangi, na Baba Mkubwa anasema Mwangi ni Mwangi, alipe mwenye dola! Mimi na Mwangi mwenzangu sote wawili tulipewa jina la Guka, babu yetu, sikatai. Lakini pikipiki ya mkopo huo alinunua nani? Akaiuza nani, akanyamaza? Na alipowaambia wale akina mama kwamba mdhamini wake yuko Marekani, nani alinipigia simu kuniuliza?

Unakumbuka katuni za mitumba tulizookota barabara ya Tom Mboya, Nairobi, nyingine hazina hata jalada? Yule shujaa wa nywele za moto, Firestorm! Nimepata toleo lake la kwanza, la Machi 1978, jalada zima kabisa, bei imechapishwa senti 35. Mtu mwingine wa Umoja mwenye nalo namtafuta. Bei niliyolipa mimi, ukimsomea Mama barua hii, uiruke.

Humo, kijana Ronnie Raymond na Profesa Martin Stein walilipukiwa pamoja kwenye kinu cha nyuklia, wakawa mtu mmoja, ndiye Firestorm. Kijana ndiye anayeuendesha mwili, mzee ni sauti tu kichwani. Wakitengana, mzee hakumbuki kitu, anadhani akili zinamtoka. Halafu maadui! Danton Black alikuwa msaidizi wa Stein, na kinyongo chake ni kwa Stein. Mlipuko uleule ukampa nguvu za kujigawa awe watu kadhaa, na ngumi zake zinamwangukia kijana asiyemkosea lolote. Gerry Conway alipoyaandika hayo sijui nani alimsimulia habari za ukoo wetu. Maana mimi nimerithi mabaya ya wote wawili: kama mzee, sina habari ya mkopo, kama kijana, ngumi nakula mimi. Na mfululizo wao huo wa kwanza ulifika matoleo matano tu, kampuni ikakatiza. Hii ya Baba Mkubwa iko toleo la ngapi?

Kati ya akina mama wa chama, fungu la Mama Kim nitalituma, kwa simu yake mwenyewe. Alitupa mandazi ya bure tukitoka shule, na hapa wana donati zenye sukari ya kuumiza meno, hazifiki hata robo ya yale. Wengine wamfuate aliyeuza pikipiki. Mwambie Baba Mkubwa hivyo hivyo, usinipunguzie ukali.

Na kitambulisho changu kile cha zamani kiko kwenye sanduku la bati, chini ya kitanda cha Mama. Kihamishie kwako kabla huyo mwenzangu hajapita kusalimia.

Kaka yako,
Mwangi wa Mama