Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa yetu: tuoteshee michongoma

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: UZIO WA MITI YA ASILI

Habari za kazi. Kila mwenye kiwanja Dar es Salaam siku hizi, hata nyumba haijafika kwenye lenta, anawaza ukuta. Tofali za saruji, juu vipande vya chupa au seng'enge, mbele geti la chuma. Simlaumu, wezi wapo. Lakini tumeibana mitaa hadi maji ya masika hayana pa kupita. Yakikuta ukuta yanageukia kwa jirani, au yanajaa nyuma yake mpaka unalala chini.

Asiye na pesa ya tofali anapanda mwashoki au bogenvilia, maana ndiyo miche iliyojaa kwenye vitalu vya kando ya barabara. Sina ugomvi na bogenvilia, maua yake yanapendeza. Ila asili yake ni Amerika Kusini, na mwashoki ni wa India, wakati ipo miti ya Pwani hii hii inayofaa kwa uzio na hakuna anayetuoteshea.

Mchongoma, kwa mfano. Una miiba inayotoboa kandambili, na vitunda vyake vikiiva vinakuwa vyekundu, kisha vyeusi-vyeusi, watoto wanavijua. Panda mistari miwili, mche wa nyuma uzibe pengo la mbele, nusu mita kati ya mche na mche. Halafu ukate kichwa ungali usawa wa goti, ili utoe matawi kuanzia chini. Wengi wanauacha urefuke kwanza kwa sababu wana haraka ya kujificha na macho ya wapita njia. Chini panabaki wazi, mbuzi anapita, na kupaziba baadaye ni kazi kweli kweli. Mpaka ushonane itapita misimu kadhaa, kwa hiyo mtu aweke seng'enge ya muda, na kiangazi cha kwanza amwagilie.

Mkwamba nao unaota wenyewe kwenye mitaro na viwanja visivyojengwa, nasi tunaufyeka tukiuita kichaka. Vitunda vyake vyeupe vikijaa kwenye matawi, ndege aina ya shore hawabanduki hapo. Kuna mikwamba dume na jike, hivyo asiyeona tunda asidhani ameuziwa mche mbovu. Apande kadhaa.

Mnyaa siushauri penye watoto, ingawa ukichomeka kijiti tu kinashika. Utomvu wake ukiingia jichoni, safari ni ya hospitali.

Kuna suala la kunguru pia. Hawa walioletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 wametapakaa jiji zima, wanakula mayai na makinda ya ndege wadogo. Serikali imewahi kuwatega na kuwatilia sumu. Ua wa miiba ulioshonana hauwamalizi, lakini ndege mdogo anapata pa kutaga ambapo kunguru anafika kwa shida.

Utaletewa hoja kwamba ua wa miti unafuga nyoka. Nyoka anafuata panya, na panya anafuata takataka. Hilo ni suala la gari la taka, nalo tumeshaliandikia sana.

Ninachoomba ni kitalu cha manispaa kioteshe mchongoma na mkwamba, miche iwe tayari kabla ya mvua za vuli. Mbegu zitafutwe kwa utaratibu kupitia Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), watu wasije wakaenda kung'oa miche msitu wa Pugu. Wauza maua wa barabarani wagawiwe pia, wao ndio tunaokutana nao kila siku. Na mtu akileta ramani kuomba kibali cha ujenzi, maofisa wako wamwambie kama uzio wa miti unakubalika, maana mtaani wengi wanaamini bila ukuta ramani haipiti.

Kama unataka pa kujaribia, anza na shule moja ya msingi, uzio wa mkwamba, tuuone kwa macho. Miche ikitoka mwezi wa kumi, mimi na majirani tutakuja na toroli.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Mbezi