Kuhusu bia ya sikukuu Jumamosi

Wadau, habari za jioni. Jumamosi tunaonja ile bia nyeusi ya Krismasi, ya mtindo wa Kibelgiji, na naomba tuelewane mapema: ladha yake ni ya uchachu. Haijaharibika. Mwaka jana mmoja wetu (simtaji, anajijua) alimwaga glasi nzima kwenye sinki akidhani imeoza. Roho inaniuma hadi leo.

Uchachu huo ni kazi ya bakteria wa asidi ya laktiki, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa kuwa mtindi, pamoja na subira. Kule Flanders Magharibi, Ubelgiji, kwa mfano, kiwanda cha bia cha Rodenbach mjini Roeselare hulaza bia kwenye mapipa makubwa ya mwaloni hadi miaka 2. Weusi wa hii yetu unatokana na kimea kilichokaangwa na sukari iliyounguzwa, ndiyo maana utasikia zabibu kavu na cheri, kisha, kwa ule uchachu, siki kwa mbali. Mimi hiyo siki ndiyo inayonimaliza.

Kilevi ni asilimia 10, karibu mara mbili ya bia ya kawaida. Kuleni kwanza, na mwenye gari atafute wa kumrudisha. Hilo halina mjadala.

Nitazitoa kwenye friji mapema kidogo, maana zikiwa baridi sana harufu yote inalala. Chupa ni 4, sisi 12, kwa hiyo ni glasi ndogo. Thibitisheni kabla ya Alhamisi. Na tafadhali, manukato mazito yabaki nyumbani.